Farasi Si Ng'ombe, Wala Si Mtu

Nateete ya Jumatatu asubuhi haina nafasi ya farasi. Kutoka sokoni hadi Barabara ya Masaka, kamunye zinagombania njia na bodaboda, mikungu ya matoke inashushwa mabegani, na kwenye maduka ya chakula cha mifugo wauzaji wamekwisha geuka weupe kwa vumbi la pumba. Magunia yamepangwa hadi nje ya mlango: pumba za mahindi, pumba za ngano, mashudu ya alizeti na ya pamba, mukene, yaani dagaa, waliokaushwa kwa ajili ya kuku, na magamba ya ziwani yaliyosagwa. Mteja wa kawaida hapa ni mfuga kuku au mwenye ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba. Kijana niliyemkuta ameketi juu ya gunia, akisubiri boda, alikuwa mteja wa nadra. Ni saisi. Anatunza farasi wanne wa mtu nje kidogo ya jiji, na kila wiki huja Nateete kuwachukulia pumba.

Aliponitambua alisimama, akanionyesha picha kwenye simu. Jike la miaka kumi hivi, hudhurungi, uso umevimba pande zote mbili juu ya taya, kana kwamba amefumbata machungwa mawili mashavuni. Akasema jike huyo anachechemea, leo mguu huu, kesho ule, na akitembea kidogo pumzi inakoroma. Kisha akatoa mfukoni pakiti ya unga wa kijani. Ilikuwa imeandikwa kuwa ni dawa ya asili ya kurekebisha homoni kwa watu na mifugo. Orodha ya vilivyomo hakuna.

"Musawo, wanasema ni homoni," akaniambia, akiniita daktari kwa Kiluganda. "Nimpe vijiko vingapi?"

Waliomwambia ni homoni hawakukosea. Uso ule umevimbishwa na homoni kweli. Ila homoni hiyo ilikuwa inachochewa kila siku, asubuhi na jioni, na kitu alichokuwa amekikalia.

Nimeamua kuandika juu ya kisa hiki kwa sababu kinafunua ugonjwa mkubwa kuliko wa jike mmoja. Farasi wetu ni wachache. Nateete yenyewe ina historia ndefu kuliko wapitao njia wanavyodhani: hapa ndipo Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa CMS aliyefika Buganda Novemba 1878, alipokuwa na kambi yake. Lakini mizigo ya zama zile ilifika kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, maana mbung'o waliwamaliza farasi, maksai na punda njiani. Hata jina la mnyama huyu Waganda walilipokea kutoka kwetu Waswahili: farasi akawa embalaasi. Leo wapo farasi wa kupandwa Munyonyo kando ya ziwa, wapo wa kuwatembeza watalii karibu na Hifadhi ya Ziwa Mburo na huko Jinja kwenye Nile, na wapo wachache wa watu binafsi. Mnyama akiwa mgeni, elimu yake nayo huazimwa. Kwetu tumeazima kwa ng'ombe, tumeazima kwa binadamu, na tumeazima Ulaya. Katika magonjwa ya homoni, kila mkopo kati ya hiyo mitatu una riba yake, na anayeilipa ni farasi.

Tuanze na mkopo wa ng'ombe, kwa kuwa ndio uliomvimbisha uso yule jike.

Ulaya, enzi za mashine za kusaga za maji na upepo, wenye mashine walikuwa na farasi, na farasi hao walishibishwa kilichobaki baada ya unga kuuzwa, yaani pumba. Baada ya muda walianza kuchechemea, vichwa vikavimba, meno yakalegea. Ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa msagaji, na wengine wakauita kichwa kikubwa. Sababu yake ikaja kueleweka baadaye. Pumba ina fosforasi nyingi mno na kalsiamu kidogo mno. Katika pumba za ngano, kwa kila gramu moja ya kalsiamu kuna gramu nane hadi kumi za fosforasi. Farasi anataka kinyume chake: kalsiamu iwe kama mara moja na nusu au mbili ya fosforasi, na isishuke kamwe chini ya sawa kwa sawa.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Farasi mzima wa kilo 500 asiye na kazi nzito anahitaji gramu 20 hivi za kalsiamu na gramu 14 za fosforasi kwa siku. Mpe kilo tatu za pumba za ngano. Utakuwa umempa zaidi ya gramu 30 za fosforasi na gramu nne tu za kalsiamu. Tena sehemu kubwa ya fosforasi hiyo imo katika umbo la faiteti, ambayo nayo hung'ang'ania kalsiamu iliyopo tumboni isifyonzwe. Pumba za mahindi haziponyi tatizo hili, maana kalsiamu yake ni haba zaidi.

Sasa homoni inaingia hapa. Shingoni kwa farasi, kama kwa sisi, kuna tezi ndogo za parathairoidi ambazo kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Moyo na misuli haviwezi kusubiri, kwa hiyo kalsiamu ya damu ikitaka kushuka, tezi hizo humwaga homoni yake, na homoni hiyo hubisha hodi kwenye benki kubwa kuliko zote mwilini, mifupa. Kalsiamu inatolewa, damu inatulia, na kesho yake mchezo unarudiwa. Mfupa uliokopwa kila siku bila kulipwa hujazwa nyuzinyuzi laini badala ya madini. Mifupa ya uso na taya huonyesha mapema, ndio ule uvimbe. Ya miguu hulegea mahali kano zinapojishikiza, ndiyo maana kilema kinahama mguu hadi mguu. Njia za pua zinabanwa, ndiyo mkoromo.

Kuna hila moja ya maabara ambayo imewapotosha wengi. Ukipima kalsiamu ya damu ya farasi huyu, mara nyingi utaikuta kawaida, kwa kuwa tezi inafanya kazi yake barabara. Mwenye farasi anaambiwa kalsiamu iko sawa, anakwenda kutafuta mchawi mwingine. Vipimo vinavyosema kweli ni kile cha kulinganisha madini ya mkojo na ya damu, na cha homoni ya parathairoidi yenyewe pale kinapopatikana. Picha ya eksirei nayo huchelewa, kwa sababu mfupa lazima upoteze karibu theluthi ya madini yake kabla filamu haijaonyesha tofauti. Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kuuliza anakula nini, kisha kupima kila ndoo kwa mzani.

Nilimwuliza saisi majani anayowapa. "Ebisagazi," akajibu, yale matete marefu ambayo kila asubuhi hupita mjini yamefungwa nyuma ya baiskeli yakielekea kwenye mabanda ya ng'ombe. Jirani yake ana ng'ombe wa maziwa, naye ndiye aliyemfundisha: asubuhi pumba, mchana ebisagazi, jioni pumba. Ng'ombe wa jirani wananawiri. Kwa nini farasi wavimbe?

Kwa sababu ya mpangilio wa matumbo. Matete, kama nyasi nyingi za joto, yana oksaleti, dutu inayoishika kalsiamu na kuifanya isiyeyuke. Ng'ombe anapoyala, majani hukaa kwanza katika tumbo kubwa la mbele, ambako bakteria huivunja oksaleti. Kalsiamu inafika huru kwenye utumbo mwembamba na kufyonzwa. Farasi naye ana kiwanda cha bakteria, lakini kimejengwa nyuma, baada ya utumbo mwembamba. Majani yanapofika kwa bakteria, nafasi ya kufyonza kalsiamu imekwisha pita. Basi nyasi ileile, iliyokatwa bonde lilelile, huyu inamlisha na yule inamnyang'anya. Kanuni tunayoitumia ni kwamba kalsiamu ya jani ikiwa chini ya nusu ya oksaleti yake, farasi yumo hatarini hata kama hajaonja pumba.

Kinachouma ni kwamba nyasi hizi ni za kwetu. Setaria, nyasi ya Kikuyu iliyobeba jina la nyanda za juu za Kenya, nyasi ya Guinea: Afrika ndiyo kwao. Australia ilizichukua na kuzipanda malishoni, na huko Queensland, katika miaka ya 1970, farasi waliokuwa wakichunga tu, bila pumba wala nafaka, wakaonekana na vichwa vilivyovimba. Elimu tunayoitumia leo juu ya nyasi zetu wenyewe imeandikwa na watu wa mbali, waliowazika farasi wao kwanza.

Na mkopo wa ng'ombe una mtego mwingine unaojificha nyuma ya herufi moja. Daktari akikuambia umpe farasi lusini, anamaanisha mmea ule mfupi wa maua ya zambarau, wenye kalsiamu nyingi, ambao kilo mbili zake zikiwa kavu zinatoa zaidi ya gramu 20. Lakini vijijini kuna mti wa malisho uitwao lusina, ambao miradi ya ng'ombe na mbuzi imeusambaza kote Afrika Mashariki. Lusina ina mimosini. Farasi akiila kwa wingi singa na mkia hunyonyoka, na zao la mimosini baada ya kuvunjwa tumboni huvuruga tezi ya koo. Wanyama wanaocheua wanaweza kuwa na bakteria wanaoimaliza sumu hiyo. Farasi hana ulinzi huo. Nimeshakuta shajara ya zizi imeandikwa lusini na ndani ya hori mna lusina.

Tuje kwenye mkopo wa pili, wa binadamu. Hapa ndipo mitishamba inapoingia kwa kishindo.

Nateete, kama masoko yote ya Kampala, ina wauza dawa za asili, na jamii kubwa ya wateja wao ni wagonjwa wa sukari. Kuna uwatu, karela, mdalasini, mululuza mchungu, moringa. Siwadharau. Uganda ina taasisi ya utafiti wa tiba asili pale Wandegeya tangu miaka ya 1960, na mwaka 2019 Bunge lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Mimea hii ina nguvu, na ndiyo sababu haifai kutolewa kwa kubahatisha.

Farasi mnene, hasa mwenye shingo iliyotuna juu kama kilima na mafuta kwenye kiuno, anaweza kuwa na kasoro ya insulini. Watu husikia insulini, wanasema ni sukari, wanakimbilia uwatu. Tofauti yake ni kubwa. Mgonjwa wa sukari tunayemjua ana sukari nyingi katika damu na insulini isiyotosha au isiyofanya kazi. Farasi huyu mara nyingi ana sukari ya kawaida na insulini iliyofurika. Na insulini yenyewe ikizidi ndiyo inayompiga kwatoni. Mwaka 2007 watafiti wa Queensland walichukua farasi wadogo wenye afya kabisa, wakawatilia insulini kwa kipimo cha juu huku wakiwapa sukari ya kutosha ili isishuke, na ndani ya saa 72 wote waliotiliwa walikuwa na laminaitisi, ule uvimbe wa tabaka zinazoushika mfupa ndani ya kwato. Hapakuwa na unene, wala nafaka. Ilikuwa insulini tu.

Sasa tazama uwatu. Utomvu wake huchelewesha sukari kufyonzwa, jambo jema. Lakini punje zake pia zina asidi ya amino inayoisukuma kongosho itoe insulini zaidi, na sifa hiyo ndiyo inayosifiwa kwa binadamu. Karela nayo inasifiwa vivyo hivyo. Kwa farasi aliyezama katika insulini, kumwongezea kinachochochea insulini ni kumzimia mtu moto kwa mafuta ya taa. Kabla ya kununua mtishamba wowote wa homoni, swali la kwanza liwe: ni tezi gani, na imezidi au imepungua? Dawa inayopandisha na dawa inayoteremsha haziwezi kukaa pakiti moja kwa jina la kurekebisha.

Chakula cha farasi huyu kina kanuni zilizokwisha thibitika, nazo hazina mvuto wa dukani. Ondoa pumba na nafaka zote. Ondoa molasi. Ondoa maganda ya matoke, ambayo Kampala tunayatoa kwa magunia kwa ng'ombe, kwani ganda la ndizi mbichi ni wanga. Mpe majani makavu kwa kupima, karibu kilo moja na nusu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku, yakiwa na sukari na wanga chini ya asilimia kumi. Yaloweke majini na umwage maji hayo, sukari kiasi inaondoka nayo. Mtembeze kila siku kama kwato zinaruhusu. Hapa tuna bahati moja ambayo Ulaya hawana: nyasi za joto hazihifadhi sukari ya furuktani kama nyasi za baridi, na mara nyingi sukari yake ni ndogo. Majani makavu ya boma rhodesi, ambayo Kenya wanayafunga kwa marobota, yana pia oksaleti kidogo ukilinganisha na setaria au matete. Jani moja linajibu maradhi mawili.

Mwenye punda asifikiri habari hii haimhusu. Punda wa Karamoja na wa Kapchorwa, na wale wa Lamu ambako shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki tangu 1987, wana miili iliyoumbwa kwa uhaba. Punda aliyenenepeshwa hupata kasoro ileile ya insulini. Na huwezi kumkondesha kwa kumnyima chakula ghafla: mafuta yatamwagika katika damu yake na kumwua ndani ya siku chache. Punda anakondeshwa polepole kwa mabua na nyasi ngumu.

Mkopo wa tatu ni wa Ulaya, na huu huja umevaa vizuri, ndani ya kopo lenye picha ya farasi anayerukaruka.

Farasi wazee, kuanzia miaka kumi na mitano, wana ugonjwa wao wa homoni ambao watu wengi huuita Cushing. Ndani ya ubongo, neva zinazotoa dopamini na kuitia breki tezi ya pituitari hudhoofika. Sehemu ya kati ya tezi inabaki bila breki, inamwaga homoni ya ACTH na jamaa zake. Farasi anakuwa na manyoya marefu yasiyopukutika, misuli ya mgongo inaisha huku tumbo likining'inia, anakunywa maji mengi, vidonda havikauki, na kwato zinaingia hatarini. Katika uchunguzi mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, karibu farasi mmoja kati ya watano wenye umri huo alikuwa nao. Dawa yake ni pergolaidi, inayojifanya dopamini. Ilitumika kwanza kwa binadamu wenye Parkinson, Marekani ikaondolewa kwa watu mwaka 2007 kwa sababu ya madhara kwenye vali za moyo, na mwaka 2011 ikaidhinishwa huko rasmi kwa farasi.

Mtishamba unaouzwa Ulaya dhidi ya ugonjwa huu ni matunda ya mti wa Vitex agnus-castus. Wazo lake lina mantiki. Matunda hayo yana kemikali zinazogusa vipokezi vya dopamini, na kwa wanawake yametumika miaka mingi kwa matatizo ya hedhi. Lakini wazo jema halitoshi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliupima mwaka 2002 kwa farasi 14 wagonjwa, na karibu wote hawakupata nafuu, ilhali wengi waliohamishiwa pergolaidi baadaye walipata. Manyoya yakipukutika kidogo mwenye farasi hufurahi, lakini wanaomwua farasi ni kwato na maambukizi, wala si manyoya.

Naitaja Vitex kwa sababu najua kinachofuata. Mti huu una ndugu zake hapa: mfuu, au mfudu kama wasemavyo wengine, wenye yale matunda meusi matamu tuliyoyaokota utotoni. Ni jenasi moja. Siku yoyote atatokea mtu Nateete na unga wa mfuu, aseme Wazungu wanalipa ghali kwa mti tulionao bure. Undugu wa mimea haurithishi tiba, kama vile viazi kuwa jamaa wa tumbaku hakumfanyi mla chipsi kuwa mvutaji. Mfuu wetu ukipimwa kwa farasi nitakuwa wa kwanza kusoma matokeo. Kabla ya hapo ni tunda.

Ulaya pia imetuazima kalenda yake. ACTH ya farasi hupanda kila majira ya vuli, siku zinapofupika, na maabara za kule zina viwango tofauti kwa kila mwezi. Kampala iko karibu juu ya mstari wa ikweta, mchana wetu haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kuonekana. Kusoma jibu la damu ya farasi wa hapa kwa jedwali la Septemba la Uingereza ni kumpima kwa saa ya mji mwingine. Vilevile ishara ya manyoya, wanayoitegemea sana, huku inaweza kuwa hafifu. Mimi humwangalia farasi mzee wa Kampala mgongoni na kwatoni kwanza, kisha ndipo manyoya, na nikiwa na shaka narudia kipimo.

Turudi kwenye ile pakiti ya kijani. Isiyo na orodha ya vilivyomo haipaswi kuingia horini, na hili silisemi kwa kiburi cha digrii. Mwani wa baharini hutiwa katika dawa nyingi za tezi kwa sababu ya madini joto yake. Jike mwenye mimba akizidishiwa madini hayo huzaa mtoto mwenye rovu. Kitunguu saumu, ambacho kila mtu hukiona salama, watafiti wa Guelph huko Kanada walikilisha kwa farasi kwa wingi mwaka 2005, wakapata wanyama wenye upungufu wa damu. Na duniani kote wakaguzi wamekwisha kamata dawa zinazoitwa za asili zikiwa zimetiwa steroidi kwa siri, ili mgonjwa aone nafuu ya haraka. Steroidi ndani ya farasi mwenye kasoro ya insulini inaweza kumlaza chini asisimame tena. Hata chakula cha kuku kilichochanganywa tayari, kinachouzwa meza ileile, kinaweza kuwa na dawa za koksidia kama monensini, ambazo kuku huzistahimili lakini moyo wa farasi hauzistahimili hata kwa kiasi kidogo. Gunia la farasi lisijazwe kwa koleo la kuku.

Je, basi mitishamba haina nafasi kabisa? Inayo, na nitaeleza wapi.

Yule jike hakuhitaji dawa ya kuzima homoni. Tezi zake zilikuwa zinafanya zilichoumbiwa. Alihitaji sababu ya kuchochewa iondoke. Nilimwandikia saisi mambo machache nyuma ya risiti: pumba zikome, lakini zipunguzwe kwa siku kumi ili tumbo lisishtuke, ebisagazi ziwe nusu, nafasi yake ichukuliwe na majani makavu ya boma rhodesi, lusini kavu kilo mbili kwa siku, na nikaipigia mstari ile herufi ya mwisho, chumvi ya kulamba, na unga wa mawe ya chokaa uliotengenezwa kwa mifugo, kwa kipimo ambacho daktari wake angekikokotoa baada ya kumpima uzito. Nikasisitiza isiwe chokaa ya kupaka ukuta, ambayo huunguza. Asipandwe kwa sasa, maana mfupa ulioliwa unaweza kuvunjika chini ya tandiko. Nikamwonya pia kwamba kuchechemea kutapungua baada ya miezi, si siku, na uso huenda usirudi kama zamani.

Akasoma, akakuna kichwa. "Musawo, huyu hawezi kula jiwe. Alishawekewa dawa kwenye ndoo, akapuliza akaondoka."

Alikuwa na haki. Farasi ni mteuzi, na unga wa chokaa hauna ladha ya kumvutia mtu yeyote. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliwapa farasi vyakula vyenye ladha 15 mbalimbali ili waone watachagua nini. Wengi tungetaja karoti au mnanaa, ladha ambazo biskuti za farasi hutengenezwa nazo. Iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa uwatu, na ya pili ndizi.

Kwa hiyo tulivuka barabara pamoja hadi kwa mama anayeuza viungo, na saisi akanunua uwatu uliosagwa, wa kuzungushia kijiko kimoja kidogo kwenye lusini iliyoloweshwa. Jike wake si mnene na insulini si shida yake, na kwa kipimo hicho uwatu ni kiungo cha mboga tu. Mama akamwuliza kama anaumwa sukari. Kijana akacheka, akamwambia ni wa kumshawishi embalaasi ale mawe. Boda ilipofika alipakia gunia dogo la chokaa ya mifugo mahali ambapo kila Jumatatu hukaa pumba, na ile pakiti ya kijani akaniachia mimi.